Mbaazi Zetu na Sahihi Isiyo na Wino

Msimu wa mwaka 2019 tulialikwa na kikundi kimoja cha akina mama na vijana katika sehemu kavu za Ukambani. Walikuwa wamekusanya mbaazi kutoka kwa wanachama, wakazipepeta, wakazipima na kuziweka katika stoo ya kukodi. Magunia yalikuwa 46. Mnunuzi alikuwa ameahidi bei tangu mbaazi zikiwa bado kwenye maua. Siku ya kubeba ilipofika alikuja bila lori. Alikuja na karatasi moja mkononi, akasema bei imeshuka na asilaumiwe yeye.

"Tokeni ya tajiri wa India imeisha muda," aliwaambia. "Bila tokeni hawezi kutia sahihi maombi ya leseni. Na hata ile leseni ya kwanza imekufa pamoja nayo."

Wanachama walitazamana. Sisi tukisikia tokeni twafikiria stima. Mzee mmoja aliuliza kwa nini huyo tajiri asinunue tokeni nyingine kwa simu kama watu wote, taa ziwake. Watu walicheka, lakini kicheko hakikuwa kirefu. Fukusi walikuwa wameanza kuonekana kwenye magunia ya chini, na karo ya muhula wa tatu ilikuwa inangoja. Jioni hiyo waliuza kwa bei aliyoitaka mnunuzi.

Mwenyekiti alituuliza swali moja tu: je, yale maneno ya tokeni yalikuwa kweli au ni ujanja wa mabroka? Siku ile hatukuwa na jibu. Tuliliandika swali katika daftari tukaondoka. Tangu hapo tumeulizwa jambo hilo na vikundi vingine, na tumejaribu kulifuatilia vizuri. Haya tunayoandika ndiyo jibu, ingawa limechelewa.

KWA NINI SAHIHI YA DELHI IGUSE GUNIA LA UKAMBANI

Mbaazi, ambazo Wakamba huziita nzuu, kwetu ni chakula cha nyumbani, zikiwa mbichi au kavu. Kule India ni zaidi ya hapo. Huzikoboa, huzipasua vipande viwili na kuzipika mchuzi mzito ambao tajiri na maskini wanaula karibu kila siku. India ndiyo nchi inayolima mbaazi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na bado hazitoshi. Kwa hivyo hununua kutoka Myanmar na kutoka pande zetu hizi: Msumbiji, Tanzania, Malawi na Kenya.

Faida yetu kubwa ni kalenda. Mbaazi zetu nyingi huvunwa kati ya Agosti na Oktoba, wakati maghala ya India yanaelekea kuwa matupu. Mavuno yao makubwa huanza karibu na Desemba. Meli yetu ikifika mapema, tunapata soko lenye njaa. Ikichelewa miezi miwili tunakutana na mavuno yao wenyewe, na bei inakufa. Ndiyo maana katika biashara hii ucheleweshaji wa wiki chache, hata wa karatasi tu, ni hasara ya shilingi.

Sasa tukumbuke yaliyotokea. Tarehe 5 Agosti 2017, baada ya wakulima wa India kuvuna sana na bei ya kwao kuanguka, serikali yao ilitangaza kwamba mbaazi kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka wa fedha. (Wao husema laki mbili. Neno hilo laki tulilipata kutoka kwao, kwa hivyo angalau hesabu tunaelewana.) Mwezi huo huo ndengu nazo, pamoja na jamii yake nyeusi, zikawekewa kipimo cha tani 300,000. Tangazo lilitoka mbaazi zetu zikiwa tayari shambani. Kutoka Tanzania hadi Malawi na Msumbiji bei ilianguka vibaya, na Kenya haikupona. Mkulima wa Makueni hakuwa amekosea kitu. Alipanda kwa mvua ya mwaka uliotangulia, na sheria ikabadilika ng'ambo ya bahari kabla hajavuna.

Kutoka hapo mwagizaji wa India hakuweza tena kupakia meli na kuondoka. Kwanza ilimbidi apate leseni kutoka Kurugenzi Kuu ya Biashara ya Nje iliyoko New Delhi, ambayo wafanyabiashara wote huiita kwa herufi zake, DGFT. Katika miaka iliyofuata leseni za mbaazi zilipewa wenye viwanda vya kukoboa, kila mmoja na tani zake. Mwaka wa fedha wa 2019-20 kipimo kiliongezwa kufika tani 400,000. Leseni hizo zilikuwa na tarehe ya mwisho ya mzigo kufika bandarini. Tarehe ikipita, umebaki na karatasi.

Tarehe 15 Mei 2021 India iliondoa kipimo hicho kwa mbaazi, na ruhusa hiyo ikaongezwa muda mara kwa mara. Tangazo mojawapo liliifikisha hadi mwisho wa Machi 2026. Tunataja jambo hili kwa sababu fulani. Tumesikia vikundi viwili vilivyoambiwa mwaka 2022 kwamba bei iko chini kwa sababu "leseni ya mbaazi haijatoka." Mwaka huo mbaazi hazikuhitaji leseni ya kipimo. Matangazo hayo ya DGFT huwekwa wazi kwenye intaneti, kila mtu anaweza kuyasoma bila kulipa. Kijana wa kikundi mwenye simu nzuri anaweza kuyatafuta kwa dakika kumi, halafu mnunuzi akija mnaongea naye mkijua.

MAOMBI YANAVYOPELEKWA

Zamani mwagizaji alijaza fomu, akapiga muhuri, akatuma tarishi na faili chini ya kwapa. Siku hizi haendi popote. Anaingia kwenye mtandao wa DGFT kwa namba yake ya mwagizaji na msafirishaji, inayoitwa IEC, yenye nafasi 10. Anajaza aina ya mali, tani, thamani, na nchi inakotoka. Anapachika hati zake. Analipa ada. Mwishowe mtandao unamwambia atie sahihi.

Kalamu itafanya nini hapo? Kioo cha kompyuta hakiandikiki. Na akiandika jina lake mwishoni kwa herufi za mashine, afisa atajuaje kama ni yeye, au ni karani aliyefukuzwa kazi jana? Hapo ndipo inapoingia sahihi ya dijitali, pamoja na cheti chake.

Kidogo tuseme juu ya mali. Biashara ya kimataifa haijui jina nzuu, wala mbaazi. Inajua namba. Mbaazi kavu ni 0713.60. Ndengu ni 0713.31. Namba hizi tarakimu sita za mwanzo ni zile zile Mombasa na Mumbai. Ukionyeshwa karatasi ya leseni, tafuta namba hiyo kwanza. Kama wewe unauza mbaazi na karatasi inasema 0713.31, hiyo ni leseni ya ndengu ya mtu mwingine, na hakuna haja ya kuisoma zaidi.

SAHIHI HIYO NI KITU GANI?

Tuanze na kitu mnachokijua. Vikundi vingi vya akiba vina kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Kila mtu akiona kisanduku kimefungwa anajua ni nani walikuwepo. Sahihi ya dijitali inafanya kazi karibu na hapo, ila kufuli yake ni ya ajabu kidogo.

Fikirieni kufuli ambayo mhazini peke yake ndiye anayeweza kuifunga, lakini mtu yeyote kijijini anaweza kuifungua. Kufuli kama hiyo haifai kuficha pesa! Lakini inafaa sana kwa jambo lingine. Ukikuta barua ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli ile, unajua bila shaka ni mhazini aliyeifunga, maana hakuna mwingine anayeweza.

Mwenye sahihi ya dijitali ana funguo mbili, na funguo hizo ni namba ndefu sana zilizotengenezwa pamoja na kompyuta. Moja ni ufunguo wa siri, anaubaki nao yeye. Nyingine ni ufunguo wa wazi, huo hupewa dunia nzima. Kinachofungwa kwa ule wa siri hufunguka kwa ule wa wazi tu. Na mtu akiwa na ule wa wazi hawezi kuutumia kuubuni ule wa siri. Hesabu zake ni ngumu kiasi kwamba kompyuta kubwa zingechukua muda usioisha. Wazo hili la funguo mbili lilitangazwa na Wamarekani Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wa chuo cha MIT wakapata njia ya kulitumia kutia sahihi.

Kuna hatua moja kabla ya kufunga. Kompyuta huisoma hati yote, kila herufi na kila nukta, na kuikamua mpaka ibaki alama fupi. Kwa njia inayotumika sana siku hizi alama hiyo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, hati iwe ya ukurasa mmoja au mia. Tuiite alama ya kidole ya hati. Ukibadilisha tani 24 ziwe 240, kwa kuongeza sifuri moja tu, alama yote inabadilika, haifanani na ile ya kwanza hata kidogo. Alama hiyo ndiyo inayofungwa kwa ufunguo wa siri. Hiyo ndiyo sahihi.

Afisa kule Delhi, au kompyuta yake, anafungua kwa ufunguo wa wazi, anaipata alama, halafu anaikamua hati mwenyewe kutafuta alama yake. Zikilingana, mambo mawili yamethibitika: aliyefunga ni mwenye ufunguo, na hati haikuguswa tangu alipofunga. Zisipolingana inakataliwa, na hakuna kubembeleza. Kwa upande huu inashinda sahihi ya wino, kwa maana sisi sote tumewahi kuona risiti ya kikundi iliyoongezewa sifuri baada ya kutiwa sahihi.

CHETI NI CHA NINI TENA?

Mtu makini atauliza: nitajuaje kwamba ule ufunguo wa wazi ni wa tajiri fulani kweli, si wa mlaghai aliyejiita jina lake? Swali zuri. Ni kama barua ya kijijini. Mzee wa kijiji anamjua mtu, naibu wa chifu anamjua mzee, chifu anamjua naibu wake, na ofisi ya kaunti ndogo inaujua muhuri wa chifu. Hakuna anayewajua wote, lakini mnyororo unafika.

India ilitunga sheria ya mambo haya, Sheria ya Teknolojia ya Habari ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba mwaka huo. Juu kabisa kuna Msimamizi wa Mamlaka za Vyeti, afisa wa serikali. Huyo hutoa leseni kwa makampuni yanayothibitisha watu, mfano eMudhra. Kampuni inamchunguza mwombaji: kitambulisho, namba ya kodi, simu, na hurekodiwa video fupi aonekane uso. Halafu inampa cheti. Ndani ya cheti kuna jina lake, ufunguo wake wa wazi, jina la kampuni iliyompa, na tarehe mbili: ya kuanza na ya kuisha. Kampuni nayo inatia sahihi yake juu ya cheti hicho, na Msimamizi ametia yake juu ya kampuni.

Zamani kulikuwa na vyeti vya daraja la 2 na la 3. Tangu tarehe 1 Januari 2021 India iliacha kutoa vya daraja la 2, kwa hivyo wafanyabiashara wakabaki na daraja la 3, ambalo uchunguzi wake ni mkali zaidi. Mwenye biashara ndogo anayeomba IEC anaweza pia kutumia njia nyingine, namba yake ya kitambulisho cha Aadhaar pamoja na namba za siri zinazotumwa kwa simu. Hiyo nyinyi mnaielewa bila maelezo, ni ndugu ya M-Pesa.

Sasa tokeni. Ufunguo wa siri hauwekwi kwenye kompyuta hivi hivi, kwa maana kompyuta huibiwa na huingiliwa. Unawekwa ndani ya kijidude cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, mfano wa flashi. Hicho ndicho tokeni. Ufunguo ukishaingia humo hautoki. Hati hupelekwa kwake, inatiwa sahihi humo ndani, inarudi. Mwenyewe lazima aandike namba ya siri kila mara, na ukikosea mara nyingi tokeni inajifunga. Kwa hivyo inatakiwa vitu viwili: kijidude mkononi na namba kichwani.

JE, YULE MNUNUZI ALISEMA KWELI?

Nusu kweli, nusu hapana.

Ni kweli cheti huisha muda. Hutolewa cha mwaka mmoja, miwili au mitatu, na siku ikifika tokeni haitii sahihi tena inayokubalika. Tajiri ambaye alisahau tarehe yake anaweza kukwama wiki ile ile ya kupeleka maombi. Si uwongo kwamba jambo hilo hutokea.

Lakini tazama mambo mawili. La kwanza, kupata cheti kipya si kazi ya msimu mzima. Anachunguzwa tena, anapewa, anasajili tokeni yake upya kwenye mtandao wa DGFT, anaendelea. Mara nyingi ni mambo ya siku chache. La pili ndilo kubwa. Sahihi iliyotiwa wakati cheti kilikuwa hai haifi cheti kinapoisha. Kitambulisho cha mwenyekiti kikipotea leo, mkataba aliotia sahihi mwaka jana hauvunjiki. Leseni iliyokwisha kutolewa hufa kwa tarehe yake yenyewe, si kwa tarehe ya tokeni ya aliyeiomba. Kwa hivyo maneno "leseni ya kwanza imekufa pamoja na tokeni" hayana msingi. Ama yule mnunuzi naye alidanganywa na walio juu yake, ama alijua watu hawatauliza.

Sisi hatukuwepo moyoni mwake. Ila twajua kwamba swali moja, "leseni ya kwanza tarehe yake ya mwisho ni lini?", lingemfanya akohoe.

ILE KARATASI ALIYOBEBA

Karatasi tuliiona baadaye, katibu alikuwa amepiga picha. Chini yake kulikuwa na mchoro wa sahihi ya mtu na alama ya tiki ya kijani. Watu waliamini ile tiki kuliko maneno yote.

Hebu tuliseme wazi. Sahihi ya dijitali haiko kwenye karatasi. Iko ndani ya faili la kompyuta. Ukilichapa faili, unachopata ni picha ya hati, na sahihi imebaki nyuma kama mtu aliyeshuka kwenye matatu. Tiki ya kijani kwenye karatasi ni wino tu. Hata mtoto wa darasa la sita aweza kuichora. Sahihi ya wino iliyoskaniwa na kubandikwa kwenye hati nayo si sahihi ya dijitali, ni picha ya sahihi.

Kwa hivyo ukiletewa mkataba unaodaiwa kutiwa sahihi kwa njia hii, omba faili lenyewe, litumwe kwa baruapepe, si karatasi wala picha ya WhatsApp. Lifungueni kwenye kompyuta, saiba yoyote ina programu ya kusoma mafaili ya namna hiyo, na mbonyeze pale penye sahihi. Itawaambia jina la aliyetia, tarehe, kampuni iliyotoa cheti, na kama hati imebadilishwa baadaye. Mkiona imesema hati imebadilishwa baada ya sahihi, simameni hapo hapo.

Jambo moja huwachanganya watu. Hati halali kabisa kutoka India mara nyingi ikifunguliwa hapa huonyesha alama ya kuuliza ya manjano na kusema uhalali haujulikani. Hiyo haimaanishi ni bandia. Kompyuta ya saiba haimjui yule Msimamizi wa juu kule India, basi, kama vile chifu wa lokesheni nyingine asivyoujua muhuri wa chifu wenu. Soma jina na tarehe, halafu muulize mtu anayejua kuunganisha mnyororo huo.

SAHIHI HAISEMI UKWELI

Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini, kwa maana teknolojia mpya hupofusha macho. Sahihi ya dijitali inaonyesha ni ufunguo wa nani uliotumika, na kwamba hati haikuguswa. Basi. Haisemi kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Mtu anaweza kuandika kwamba atanunua tani 100 kwa bei nzuri, akatia sahihi safi kabisa, na hana hata pesa ya magunia. Uwongo uliotiwa sahihi umethibitishwa mwenyewe ni nani, lakini bado ni uwongo.

Haisemi pia kwamba mwenye jina ndiye aliyeshika tokeni. Huko India, kama huku, wakubwa wenye shughuli nyingi humwachia karani au wakala kijidude pamoja na namba ya siri. Sheria yao haimwonei huruma mtu wa namna hiyo. Kifungu cha 42 kinamtaka mwenye cheti autunze ufunguo wake, na ukivuja awaarifu waliompa cheti bila kukawia ili kifutwe. Kabla hajaarifu, mzigo ni wake.

Na sisi tusicheke sana. Ni wangapi katika vikundi vyetu wamefunguliwa akaunti ya iTax au eCitizen na kijana wa saiba, neno la siri likabaki kwenye daftari la yule kijana? Tunajua kikundi kimoja, hatutakitaja, ambacho kilishindwa kuingia kwenye akaunti yake kwa miezi kadhaa kwa sababu kijana alihama mji na namba ya simu iliyosajiliwa ilikuwa yake. Hakuiba kitu. Alihama tu. Kikundi kilikuwa kimempa kalamu, muhuri na mkono wa mwenyekiti, vyote kwa shilingi mia.

UPANDE WETU WA KENYA

Kenya nayo haikukaa nyuma. Sheria ya Habari na Mawasiliano inaitambua sahihi ya kielektroniki, na Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayotoa leseni kwa wanaothibitisha sahihi hizo. Mwaka 2020 sheria kadhaa za biashara zilirekebishwa ili mikataba zaidi iweze kutiwa sahihi kwa njia hii. Mambo ya vibali vya kuingiza na kutoa mali hupitia dirisha moja la mtandao linalosimamiwa na shirika la KenTrade, na cheti cha afya ya mimea, ambacho shehena ya mbaazi haiwezi kuondoka bila hicho, hutolewa na KEPHIS baada ya ukaguzi.

Kazi hizo ni za msafirishaji au wakala wake wa forodha. Kazi ya kikundi iko nyuma yake: mbaazi zilizokauka vizuri, zisizo na fukusi wala mawe. Afisa wa KEPHIS akikuta wadudu, hakuna sahihi itakayoliokoa kontena.

Kikundi kile cha magunia 46 bado kinakusanya mbaazi. Siku hizi ahadi ya mnunuzi huandikwa kwenye daftari siku ile ile, na bei, na tarehe ya kubeba, na namba ya kitambulisho chake, naye anatia sahihi ya wino mbele ya watu. Wamenunua pia magunia yale yasiyopitisha hewa, kwa hivyo fukusi hawawaharakishi tena kuuza.

Tulipowarudia na majibu haya, mhazini alituuliza kama kikundi nacho kinahitaji tokeni ya India. Kumbe kuna mtu alikuwa amepita akiwaambia kwamba mkulima asiye na cheti cha sahihi ya dijitali hataruhusiwa kuuza mbaazi India, na kwamba yeye anaweza kuwaletea kwa shilingi 4,500 kila mwanachama. Tuliwajibu hivi: cheti kile ni cha yule anayeomba leseni kule India, kwa jina lake na kwa namba yake ya IEC. Mkulima wa Kenya anayemuuzia mnunuzi mbaazi zake hakihitaji, na hakuna ofisi ya India wala ya Kenya inayomtoza pesa za kitu hicho. Wanachama saba walikuwa wamekwisha kulipa. Mhazini ameandika majina yao na namba ya simu iliyopokea pesa, na orodha hiyo imepelekwa kituo cha polisi.